Walioamriwa Kuandika: Teresa wa Ávila na Mamlaka ya Kalamu

Tarehe 27 Septemba 1970, Papa Paulo VI alimtangaza Teresa wa Ávila kuwa Mwalimu wa Kanisa. Juma moja baadaye, tarehe 4 Oktoba, akamtangaza Katarina wa Siena. Mpaka mwezi huo orodha ya Walimu wa Kanisa haikuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Tangu hapo wameongezwa Teresa wa Lisieux mwaka 1997 na Hildegard wa Bingen mwaka 2012. Wanawake ni hao wanne. Wanaume wamepita thelathini.

Ni rahisi kuliona tukio hilo kama heshima iliyochelewa, tukashukuru na kuendelea na mengine. Lakini kuna jambo linalohitaji kuelezwa. Cheo hicho hakitolewi kwa utakatifu peke yake, maana watakatifu wanawake hawakuwahi kuadimika. Kinatolewa kwa mafundisho, na mafundisho hayo yanatafutwa katika maandishi. Sasa, Hildegard, Katarina na Teresa wa Ávila waliishi katika karne ambazo Kanisa lilimkataza mwanamke waziwazi kufundisha. Waliyapataje mafundisho ya kuandika? Nani aliwaachia kalamu, na kwa nini vitabu vyao havikuishia motoni kama vya wengine?

Kwa Teresa, ambaye habari zake tunazo kwa kina kuliko wenzake, jibu linashangaza: kalamu alipewa na watu waliomtilia shaka. Aliamriwa kuandika ili achunguzwe. Akaandika kwa utii, na ndani ya ushahidi alioombwa kuutoa dhidi yake mwenyewe akaweka masomo.

Mlango uliofungwa na ufa uliobaki

Katazo lenyewe lilisimama juu ya nyaraka mbili za Agano Jipya. Wa kwanza kwa Wakorintho unawataka wanawake wanyamaze katika kusanyiko, na wa kwanza kwa Timotheo unamkatalia mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino aliipanga hoja hiyo kwa utaratibu wake wa kawaida: mwanamke anaweza kujaliwa hekima na kuizungumza faraghani, lakini si kufundisha hadharani mbele ya Kanisa zima.

Hata hivyo palibaki ufa. Karama ya unabii, Thomas mwenyewe alikiri, wanawake nao hupewa. Biblia inao akina Debora na Hulda, na mabinti wanne wa Filipo wanaotajwa katika Matendo ya Mitume. Mwalimu husema kwa elimu na cheo chake, ilhali nabii husema kwa kuwa ametumwa. Mwanamke hakuweza kuwa mwalimu, ila aliweza kuwa nabii, mradi awaridhishe wakubwa kwamba maneno hayakuwa yake.

Hildegard, mtawa Mbenedikto wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1098, alipita katika ufa huo akiwa amekwisha vuka miaka arobaini. Mwaka 1141, kwa maelezo yake, aliamriwa na sauti kutoka mbinguni aandike anayoyaona. Hakukurupuka. Alimshirikisha mtawa Volmar, aliyekuwa katibu wake kwa miaka mingi, kisha akamwandikia barua Bernard wa Clairvaux, mtu aliyesikilizwa kuliko wengi Ulaya ya wakati ule, akijieleza kuwa mwanamke dhaifu asiye na elimu. Sinodi ya Trier ya mwaka 1147 hadi 1148 ilipokutana, Papa Eugenio III alipata kusoma sehemu ya kitabu chake ambacho bado kilikuwa kinaandikwa, *Scivias*, akamruhusu aendelee.

Ruhusa hiyo ilikuwa mtaji. Hildegard aliutumia kuwahamisha watawa wake kwenda Rupertsberg, karibu na Bingen, ingawa abati wa monasteri ya kiume ya Disibodenberg hakutaka waondoke. Aliutumia pia kumkemea Mfalme Mkuu Frederick Barbarossa kwa barua, na kuhubiri mbele ya mapadri. Katarina naye, binti wa mpaka rangi vitambaa wa Siena, aliwatamkia makatibu wake barua zipatazo 380. Kati ya waliozipokea alikuwamo Papa Gregori XI, aliyehimizwa arudi Roma kutoka Avignon, naye akarudi Januari 1377.

Hispania ya mashaka

Teresa alizaliwa Ávila mwaka 1515, na kufikia wakati wake ufa huo ulikuwa umezibwa karibu wote. Mwaka 1525 Inkwizisheni, mahakama iliyochunguza imani za watu, ilitoa hukumu huko Toledo dhidi ya Waalumbrado, Wakristo waliodai kuongozwa na nuru ya ndani. Wanawake walikuwa na sauti kubwa kati yao. Mwaka 1546 ikaja fedheha ya Córdoba: Magdalena de la Cruz, mtawa aliyeheshimiwa hata na watu wa jumba la kifalme, alihukumiwa baada ya kukiri kwamba maajabu yake yalitokana na mapatano na shetani. Baada ya hapo, mtawa aliyesema ameona njozi aliwatia waungamishi wake hofu kabla hajamaliza sentensi.

Teresa, naye mtawa, alikuwa na lake la ziada. Babu yake, mfanyabiashara wa Toledo, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi ulioingia Ukristo, naye mwaka 1485 aliadhibiwa na Inkwizisheni kwa kosa la kurudia desturi za kale. Siri hiyo ilitosha kuiangusha familia nzima.

Teresa alipokuwa na umri wa miaka arobaini hivi, sala yake ilianza kumpeleka asikokujua. Alitafuta ushauri kwa watu wawili wa mji wake: padri Gaspar Daza na mlei mcha Mungu Francisco de Salcedo. Tatizo likawa kujieleza, kwa maana hakuwa na msamiati wa mambo yaliyokuwa yakimpata. Akachukua kitabu cha Bernardino de Laredo kuhusu sala, akapiga mistari chini ya mafungu yaliyofanana na hali yake, akawapelekea wakisome. Wakakisoma, wakarudi na jibu kwamba yote hayo yalitoka kwa shetani.

Tukio hilo linaonyesha mahali alipoanzia: sauti yake ilikuwa mistari ya wino chini ya maneno ya mwanamume. Miaka michache baadaye hata hilo likawa gumu. Mwaka 1559 Mkuu wa Inkwizisheni, Fernando de Valdés, alitoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na humo mlikuwamo vitabu vya sala vya Kihispania, vikiwamo vya Luis de Granada na Yohane wa Ávila. Teresa hakujua Kilatini. Vitabu alivyoweza kuvisoma vikamponyoka mkononi, naye anasimulia kwamba katika uchungu huo Kristo alimwahidi kuwa atakuwa kitabu chake kilicho hai. Mtu akiulizwa baada ya hapo elimu yake ameitoa wapi, anaweza kujibu bila kutaja shule wala maktaba.

Ungamo lenye somo ndani

Waungamishi wake wapya, wengi wao Wadominiko na Wajesuiti, walitaka maelezo kwa maandishi. Maneno ya mdomo hupotea, lakini karatasi inaweza kupelekwa kwa mtaalamu mwingine, ikapimwa na kupimwa tena. Ndivyo kilivyozaliwa *Kitabu cha Maisha*. Nakala ya kwanza ilikamilika mwaka 1562, na ya pili, ndiyo tuliyo nayo, mwaka 1565. Aliyelengwa hasa ni Mdominiko García de Toledo, mmoja wa waliomwamuru aandike.

Teresa harudi nyuma katika kulitaja agizo hilo. Anaandika kwa sababu ameamriwa. Angekuwa na hiari angesokota uzi, maana nyumba ni maskini na kuandika kunamlia muda wa kazi. Msomaji mtukufu akiona kibaya, akichane. Yeye ni mwanamke, tena mwenye dhambi, na kumbukumbu yake mbovu. Mtafiti wa Marekani Alison Weber, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwamba unyenyekevu huu ulikuwa ufundi wa lugha: Teresa alivaa udhaifu uliotarajiwa kwa mwanamke, kisha akasema chini ya vazi hilo yale ambayo mwanamke hakutakiwa kuyasema. Sidhani tunalazimika kuchagua kati ya ufundi na unyofu. Mtu anaweza kujiona mdogo kwa dhati na wakati huohuo akajua kwamba kulisema kunamfungulia njia.

Angalia kitabu kilivyopangwa. Kina sura 40. Kumi za kwanza ni ungamo kama lilivyoagizwa: utoto, ugonjwa, miaka ya uvuguvugu. Ghafla, katika sura ya 11, simulizi inasimama, na kuanzia hapo hadi sura ya 22 tunasoma somo kamili juu ya ngazi za sala. Roho ni bustani, anasema, na kuna njia nne za kuinywesha. Ya kwanza ni kuteka maji kisimani kwa ndoo, kazi ya jasho na mara nyingine kisima chenyewe kikavu. Ya pili ni gurudumu la kuvutia maji, ambapo nguvu inayotumika ni kidogo na maji ni mengi zaidi. Ya tatu ni kijito kinachoelekezwa bustanini. Ya nne ni mvua, ambayo mtunza bustani hana mkono ndani yake.

Hakuna muungamishi anayehitaji sura kumi na mbili za namna hiyo ili kujua kama mtubu amedanganywa na shetani. Hayo ni mafundisho, yenye hatua, dalili za kila hatua na maonyo kwa wanaoanza. Yalipita kwa kuwa yalikuwa ndani ya waraka ulioombwa na wakubwa wenyewe.

Katika sura ya 16 uhusiano unapinduka waziwazi. Teresa anamwita García de Toledo mwanangu, na kueleza kwamba ni yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu wake, aliyetaka aitwe hivyo. Mwanamume huyu ndiye baba yake wa kiroho, ndiye aliyemwamuru kuandika, ndiye mkaguzi wa maandishi hayo. Kufikia sura hiyo amekuwa mwanafunzi.

Ukurasa uliofutwa

*Kitabu cha Maisha* hakikuwa cha kusomwa na kila mtu. Mwaka 1562 Teresa alifungua nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu hapo Ávila, mwanzo wa Wakarmeli Peku, na watawa wake walimtaka aandike kitu ambacho wao wangeruhusiwa kusoma. Akawaandikia *Njia ya Ukamilifu*. Kwa ujanja wa hali ya juu alikijenga juu ya Baba Yetu. Vitabu vya sala vingeweza kupigwa marufuku, lakini nani angethubutu kuwakataza watawa maelezo ya sala aliyoifundisha Kristo mwenyewe? Hoja hiyo aliiandika wazi kiasi kwamba mkaguzi akaweka alama pambizoni: inaonekana kana kwamba mwandishi anawakaripia Wainkwizisheni waliozuia vitabu hivyo.

Mswada huo, kwa mkono wa Teresa, umehifadhiwa katika maktaba ya Escorial. Penye sura zake za mwanzo kuna fungu lililokatwa kwa mistari mizito ya wino, ambalo wataalamu wa baadaye walifanikiwa kulisoma chini ya wino huo. Humo Teresa anamwambia Kristo kwamba yeye hakuwachukia wanawake alipokuwa duniani, na kwamba alikuta kwao imani na upendo. Analalamika kwamba waamuzi wa ulimwengu huu ni wana wa Adamu, wanaume wote, na hakuna wema wa mwanamke wasioutilia shaka. Mkaguzi wa mswada alikuwa García de Toledo, yuleyule aliyetaka kuitwa mwana.

Teresa aliandika kitabu upya, na nakala hiyo ya pili iko Valladolid. Fungu hilo halimo. Si lazima tumwone García kama adui. Huenda alikuwa akimkinga mtu aliyemheshimu dhidi ya macho makali kuliko yake. Ila matokeo ni kwamba kitabu kilipata kupita kwa kuacha nyuma sentensi zilizoeleza kwa nini kilikuwa na shida ya kupita.

Jambo linalofanana nalo lilitokea Uingereza karibu miaka mia mbili kabla. Julian wa Norwich alipata njozi mwezi Mei 1373, akiwa mgonjwa mahututi. Katika andiko lake fupi anauliza kama kuwa mwanamke kunamnyima haki ya kusimulia wema wa Mungu. Baadaye, baada ya kutafakari kwa miaka ipatayo ishirini, akaandika kitabu kirefu cha sura 86, na swali hilo halimo tena. Hatuoni mkono wa mkaguzi hapo. Julian anaandika tu kama mwanateolojia, bila kuomba radhi kwa kuwa alivyo. Kwa Teresa kimya hicho kililazimishwa. Kwa Julian kinasomeka kama kujiamini kulikokomaa. Lakini Julian alilipa kwa namna nyingine: kitabu chake hakikuchapishwa hadi mwaka 1670.

Aliyekataa kuitikia

Ili kuona uzito wa agizo la kuandika, tumtazame mwanamke ambaye hakuwa nalo. Marguerite Porete, aliyehesabiwa miongoni mwa Mabegine, wanawake walioishi maisha ya sala nje ya monasteri, aliandika kwa Kifaransa *Kioo cha Roho Sahili*, majadiliano kuhusu roho inayoyeyuka katika upendo wa Mungu hadi isiwe na utashi wake yenyewe. Askofu wa Cambrai aliamuru kitabu kichomwe hadharani Valenciennes na kumkataza mwandishi kukisambaza. Yeye akaendelea.

Haikuwa kwamba alipuuza maoni ya wasomi. Alikipeleka kitabu kwa wanazuoni watatu, akiwamo Godfrey wa Fontaines wa Chuo Kikuu cha Paris, na wote walikikubali kwa tahadhari. Lakini hakuwa na muungamishi aliyemwamuru, wala shirika la kitawa la kumsimamia. Alipofungwa Paris alikataa kula kiapo na kujibu maswali kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Jopo la wanateolojia 21 likapewa dondoo za kitabu, zikahukumiwa kuwa na uzushi, na tarehe 1 Juni 1310 Marguerite akachomwa moto katika uwanja wa Grève.

Hapa ndipo penye funzo gumu zaidi la habari hii. *Kioo* hakikufa. Kilinakiliwa bila jina la mwandishi, kikatafsiriwa kwa Kilatini, Kiitalia na Kiingereza, na kwa karne nyingi kikasomwa na watawa kama kitabu cha ibada, mpaka mwaka 1946 mtafiti wa Italia Romana Guarnieri alipolirudisha jina la Marguerite mahali pake. Maneno yaleyale yaliyomuua mwandishi yaliwalea wasomaji alipokuwa ameondolewa. Kwa hiyo mafundisho peke yake hayatoshi kueleza nani alichomwa na nani alitangazwa mwalimu. Swali lingine lililoamua lilikuwa: nani alikutuma uandike?

Wasomaji ndio waliokamilisha

Hata utii haukuwa kinga kamili. Mwaka 1575 *Kitabu cha Maisha* kilifikishwa Inkwizisheni kwa mkono wa Princesa wa Éboli, bibi wa tabaka la makabaila aliyekuwa amegombana na Teresa. Mdominiko Domingo Báñez aliandika maoni yake ndani ya mswada wenyewe: mwandishi si mlaghai, lakini kitabu hakifai kuonyeshwa kwa kila mtu. Muungamishi mwingine, Diego de Yanguas, alimwamuru Teresa achome tafakari zake juu ya Wimbo Ulio Bora, naye akazichoma palepale. Bahati nzuri watawa walikuwa wamekwisha nakili.

Watawa hao ndio upande wa pili wa mamlaka yake. Ruhusa ilitoka juu, lakini ruhusa ni karatasi tu ikiwa hakuna anayesoma. Kufikia kifo chake mwaka 1582 Teresa alikuwa ameanzisha nyumba 17 za wanawake, na kila nyumba ilihitaji maneno ya kuongozwa nayo. *Kitabu cha Maisha* kilipokuwa bado kimeshikwa, mwaka 1577, aliandika *Ngome ya Ndani* katika muda usiofika miezi sita. Mambo yake mwenyewe aliyasimulia kama habari za mtu mmoja anayemfahamu, na watawa hawakuhitaji kuelezwa mtu huyo ni nani.

Wapinzani nao walielewa vizuri kilichokuwa kikitendeka. Filippo Sega, balozi wa Papa nchini Hispania, aliripotiwa kumwita mwanamke asiyetulia, mzururaji, anayefundisha kinyume cha agizo la Paulo. Kwa upande wa ukweli hakukosea: Teresa alikuwa akifundisha.

Mwaka 1588 kazi zake zilichapishwa Salamanca. Mtawa Ana de Jesús alikuwa ameshughulikia kukusanya miswada, na mhariri alikuwa Luis de León, profesa ambaye yeye mwenyewe alikaa gerezani mwa Inkwizisheni kuanzia 1572 hadi 1576. Kufikia 1622 Teresa alikuwa mtakatifu. Ualimu ulichukua karne nyingine tatu na nusu. Wakarmeli walipoomba atangazwe wakati wa Papa Pio XI, walijibiwa kwamba jinsia yake ni kizuizi. Ndiyo gharama ya njia aliyopitia. Mwanamke aliyekubaliwa kwa sharti kwamba hajui kitu, na kwamba yote yametoka kwa Mungu, huchelewa sana kuhesabiwa kuwa na akili yake mwenyewe.

Lakini mizani ya kusomwa imekwisha geuka. García de Toledo alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, aliyewahi kuvuka bahari na kushika madaraka katika shirika lake. Báñez bado anasomwa na wanateolojia wachache. García na Yanguas hukumbukwa karibu kwa sababu moja tu, kwamba waliwahi kukaa wakipima karatasi za mtawa wa Ávila.